Modemu na lugha ya AT: maswali ninayoulizwa sana mezani kwangu, Kigoma

Nina meza ya ufundi Mwanga, hapa Kigoma mjini. Wanaonijia siku hizi wengi ni vijana wanaobuni vitu vyao wenyewe: kifaa cha kufuatilia boti ya dagaa, pampu inayowashwa kwa meseji, kengele ya duka inayompigia mwenye duka usiku. Kila mmoja anafika na kijimodemu cha kuweka laini, yaani kifaa kinachopitisha data kwenye mtandao wa simu, na kila mmoja amekwama pale pale, kwenye herufi mbili zinazoanza amri za modemu, A na T. Mimi nilizijua herufi hizo enzi za simu ya mezani, kwa hiyo maswali yao yananirudisha mbali. Nimeyaandika majibu hapa kwa kirefu, kwa sababu ukijua amri hizi zilitoka wapi, vituko vyake vyote vinaeleweka.

AT maana yake nini?

Ni hodi. Herufi hizo zimetokana na neno la Kiingereza la kumtaka mtu asikilize, na kazi yake ni hiyo hiyo: unagonga kwanza, ndipo unaeleza shida yako. Modemu ikijibu OK, umekaribishwa.

Ndiyo maana jaribio la kwanza huwa ni kuandika AT peke yake na kubonyeza Enter. Kijana anaweza kuwa amepoteza siku mbili akiandika programu ndefu, kumbe hodi yenyewe haijajibiwa. Ukipata OK, unajua umeme umefika, waya za kutuma na kupokea hazijapishana, na kasi ya mazungumzo inakubalika. Usipoipata, acha programu, rudi kwenye waya.

Nani aliyezianzisha?

Wamarekani wawili wa Atlanta, jimbo la Georgia: Dennis Hayes na Dale Heatherington. Modemu yao iliyoleta amri hizi iliitwa Smartmodem, ikatoka mwaka 1981. Kasi yake ilikuwa biti 300 (biti ni 0 au 1 moja) kwa sekunde, yaani herufi kama 30 hivi kwa sekunde. Msomaji mwepesi angeweza kuyafuata maandishi yakitokea.

Kabla ya hapo watu wengi walipiga namba kwa mkono wao, wakasikiliza mpaka upande wa pili upige mluzi, kisha wakaulaza mkono wa simu kwenye kifaa chenye matundu mawili ya mpira ili sauti ipite. Modemu nyingine ziliweza kupiga zenyewe, lakini zilichomekwa ndani ya aina moja tu ya kompyuta. Hayes na Heatherington walitaka modemu ya kukaa nje, itakayoshikana na kompyuta yoyote yenye poti ya siriazi, yaani tundu la waya linalopitisha biti moja baada ya nyingine. Tatizo ni kwamba poti hiyo ina njia moja tu ya kutuma maneno. Utaiambiaje modemu "piga namba hii" kwa njia ile ile ambayo baadaye itapitisha barua yako?

Jibu lao lilikuwa kuipa modemu hali mbili. Katika hali ya amri, kila unachoandika modemu inakichukua kama agizo lake. Ikishaunganishwa inaingia hali ya data, na hapo haigusi neno lako hata moja, inalipeleka kama lilivyo. Mimi nauheshimu sana uamuzi huo. Karibu kila kitu kingine utakachosoma hapa chini kimezaliwa na hizo hali mbili.

Kampuni ya Hayes yenyewe haikudumu. Ilianguka kabla ya miaka ya tisini kwisha. Amri zake zilikuwa zimeshaigwa na kila mtengenezaji.

Kwa nini A na T, na kwa nini modemu za zamani zilikataa "At"?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, nanyi mtanivumilia.

Smartmodem haikujua kompyuta yako inazungumza kwa kasi gani. Ilibidi ijifunze kutokana na herufi ya kwanza kabisa. Waya wa siriazi ukiwa kimya hukaa kwenye 1. Herufi inapoanza, waya hushuka kwenye 0 kwa muda wa biti moja, kisha biti za herufi hufuata, ile ya mwisho kulia ikitangulia. Sasa tazama A: kwa biti saba ni 1000001. Biti yake ya kwanza kutoka ni 1. Kwa hiyo ile 0 ya mwanzo inabaki peke yake kati ya 1 mbili, na modemu inaweza kupima upana wake. Upana huo ndio muda wa biti moja, na kutoka hapo kasi inajulikana.

T ni 1010100. Ina 1 tatu, wakati A ina mbili: moja ni witiri, nyingine shufwa. Kompyuta za wakati ule ziliongeza biti ya nane ya kukagua makosa, na kila mpango ulikuwa na namna yake ya kuijaza. Ukiitazama biti hiyo kwenye A, kisha kwenye T, unajua mpango uliotumika. Herufi mbili tu, na modemu imeshajua kasi na namna ya ukaguzi.

Herufi ndogo a ina 1 tatu na t ina nne, nazo zinapishana vilevile, kwa hiyo "at" ilipokelewa. Lakini ukichanganya A kubwa na t ndogo, zote zina 1 za shufwa, ile tofauti inapotea. Modemu nyingi za sasa hazijali tena, ila mimi mpaka leo naandika herufi kubwa zote.

Ulikuwa unapigaje intaneti kutoka Kigoma?

Mwaka 2002 nilikuwa nahudumia kompyuta za ofisi moja hapa mjini. Laini yetu ilipita kwenye ubao wa simu wa ofisi, ambapo ulibonyeza 9 kwanza upate laini ya nje. Mtoa huduma ya intaneti alikuwa Dar es Salaam. Amri yetu ilianza hivi, kisha ikafuata namba iliyobaki:

ATX3DT9,022

AT ni hodi. D ni kupiga. T ni kupiga kwa milio. Zamani, kwenye mitambo ya kuzungusha namba, uliweka P ili modemu ikatekate laini kama kidole kinavyozungusha, tarakimu 5 ikawa mikato mitano. Mkato wa maandishi, ile koma baada ya 9, ni pumziko la sekunde mbili. Bila koma, 022 ilitoka kabla laini ya nje haijafunguka na simu ikapotelea hewani. Kama sekunde mbili hazitoshi unaweka koma mbili, au unabadilisha rejista, yaani kisanduku cha namba ndani ya modemu, inayotunza muda huo: ATS8=4 huifanya koma iwe ya sekunde nne.

X3 ndiyo iliyonitesa wiki nzima. Modemu ile ilikuwa imezoezwa mlio wa kupigia wa Marekani, unaochanganya hezi 350 na 440 bila kukatika. Ubao wetu ulitoa mlio wa kukatika-katika. Modemu ilinyanyua simu, ikasikiliza, ikajibu NO DIALTONE na kukata. Mimi nilisikia mlio kwa masikio yangu na modemu inasema haupo! Nikabadilisha waya, nikabadilisha soketi, nikamwita fundi wa simu. Mwishowe nikasoma kijitabu chake: X3 inaiambia modemu isisubiri mlio, ipige tu. Siku ile ikapiga mara ya kwanza.

Tulipata biti 24,000 au 26,400 kwa sekunde kwa siku njema. Modemu ilikuwa imeandikwa 56K kwenye boksi, lakini kasi hiyo inataka mtoa huduma awe ameungwa kidijitali moja kwa moja, na njia kutoka kwake mpaka kituo chako cha simu isigeuzwe kuwa sauti ya kawaida katikati. Faili la megabaiti moja kwa 28,800 lilichukua karibu dakika tano. Na simu ya Dar ilikuwa simu ya mbali, inayolipiwa kwa dakika, kwa hiyo tuliandika barua zote kwanza, tukaunganisha, tukazituma kwa mkupuo, tukakata.

Ule mlio wa mikwaruzo ulikuwa wa nini?

Modemu mbili zilikuwa zinapatana. Inayopokea hutoa mlio wa hezi 2100, na sehemu ya kazi yake ni kuizima mitambo ya kuzuia mwangwi iliyomo njiani, maana mitambo hiyo husaidia watu wanaoongea lakini huharibu data. Kisha kila moja hutaja viwango inavyovijua, na zile za kiwango cha V.34 cha mwaka 1994 hupima laini yenyewe kwa milio mingi kwa pamoja kuona masafa yapi yanapita vizuri. Ule mvumo kama mvua kwenye bati ni data ya majaribio.

Spika iliwekwa makusudi. Ukikosea namba na mama wa watu akapokea, unamsikia akisema "haloo, haloo", unakata na kupiga upya. ATM0 huizima. ATM1 huiacha mpaka muunganiko ukamilike. Mimi nilibaki na M1, na baada ya miezi michache niliweza kusema kwa kusikia tu kama siku hiyo tungepata kasi au la.

Plasi tatu zinafanya nini?

Hapa ndipo zile hali mbili zinakutana. Ukiwa katika hali ya data, modemu haisikilizi amri. Utairudishaje? Unaandika +++, inajibu OK bila kukata simu. Kisha ATO inakurudisha kwenye mazungumzo, au ATH inakata.

Lakini itakuwaje kama barua yako yenyewe ina plasi tatu? Heatherington aliweka ukimya. Lazima kuwe na sekunde nzima bila herufi yoyote kabla ya +++, na sekunde nyingine baada yake. Faili linalotiririka halinyamazi namna hiyo, ila mtu kwenye kibodi ananyamaza. Muda huo unatunzwa kwenye rejista S12, kwa vipande vya moja ya hamsini ya sekunde, kwa hiyo 50 ni sekunde moja. Wazo hilo lilipewa hataza Marekani mwaka 1985.

Watengenezaji wengine hawakutaka kulipia hataza, wakaunda modemu zinazoitambua +++ ikifuatwa na amri bila ukimya wowote. Matokeo yake mtu mwovu aliweza kukutumia pakiti ndogo ya kuuliza kama upo, ndani yake akaweka +++ATH0. Kompyuta yako, kwa adabu, inarudisha maneno yale yale aliyoleta. Yanapita kwenye modemu yako kwenda nje, modemu inayaona, inatii, inakata simu. Umekatwa na jibu lako mwenyewe. Dawa ilikuwa ATS2=255, inayoizuia modemu kutambua alama yoyote ya kutokea.

Vijana wa vijimodemu vya sasa, hili linawahusu. Programu yako ikituma +++ halafu papo hapo AT bila kusubiri, modemu inaipeleka yote kama data. Subiri sekunde moja na kidogo, tuma plasi tatu bila Enter, subiri tena.

A/ ni nini?

Hurudia amri ya mwisho. Ndiyo pekee isiyoanza na AT, wala haihitaji Enter. Ukiandika tu alama ya mkwaju, imeshaondoka. Laini ya mtoa huduma ikiwa na shughuli, tulikuwa tunabonyeza A/ mpaka ipokelewe.

Modemu yangu imenyamaza kabisa. Imeungua?

Pengine ipo hai na imeambiwa inyamaze. E0 huizuia kurudisha unachoandika, na Q1 huizuia kutoa majibu. Ukiziweka zote mbili unaandika gizani na hakuna kinachotokea, ingawa inatii kila amri. Kumbuka pia kwamba amri isiyo na tarakimu huchukuliwa kuwa na sifuri, kwa hiyo ATE ni sawa na ATE0. Andika ATE1Q0V1 bila kujali kwamba huoni kitu, kisha Enter. V1 inarudisha majibu ya maneno. Ikiwa V0 utaona 0 badala ya OK, na 3 badala ya NO CARRIER, yaani hakuna muunganiko.

Enzi za simu ya mezani, kama hata hiyo haikusaidia, basi ilikuwa radi. Mvua za ziwa hili mnazijua. Radi ikipiga hata mbali ilipita kwenye waya wa simu, na kuzima umeme hakukusaidia. Nilizika modemu tatu kabla sijajifunza kuchomoa waya wa simu ukutani kila wingu lilipotokea upande wa Kongo.

Mbona amri ya modemu moja haifanyi kazi kwenye nyingine?

Herufi zilianza kwisha, wakaongeza alama: AT&F kurudisha mipangilio ya kiwandani, AT&W kuhifadhi. Kisha kila kampuni ikaongeza zake kwa mkwaju wa kinyume na alama ya asilimia, bila kuulizana. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilikusanya zile za pamoja kwenye kiwango kinachoitwa sasa V.250, na ikakubaliwa kwamba nyongeza zianze na alama ya plasi. Ndiyo maana amri za simu za mkononi zina plasi: AT+CSQ, AT+CREG, AT+CMGS. Hizo ziliandikwa kwa ajili ya GSM, mfumo wa simu za mkononi, na hazijaacha kutumika.

Inajibu OK lakini haipati mtandao. Nifanye nini?

Iulize. Modemu haifichi kitu, tatizo letu ni kukisia kabla ya kuuliza.

Anza na AT+CSQ. Jibu lina namba mbili. Ya kwanza ni nguvu ya mnara, kati ya 0 na 31. Zidisha kwa 2, toa 113, utapata desibeli. Kwa hiyo 17 ni -79, nzuri. Chini ya 10 tafuta antena bora au mahali pa juu. 99 maana yake haijui chochote. Kwa kawaida antena haijashika.

Kisha AT+CREG? na utazame namba ya pili. 1 imesajiliwa nyumbani. 2 bado inatafuta. 3 imekataliwa, basi kagua laini yako. 5 imesajiliwa ugenini.

Hiyo 5 huku kwetu si jambo dogo. Kijana mmoja alifunga kifaa kwenye boti inayokwenda Kagunga, na kila ikikaribia mpaka wa Burundi salio lilikwisha. Alidhani kifaa kibovu. Tulifungua kumbukumbu zake, tukaona 0,5. Laini ilikuwa inahamia mnara wa ng'ambo. Ukitaka uhakika, andika AT+COPS=3,2 kisha AT+COPS? nayo itakupa namba ya mtandao. Ikianza na 640 upo Tanzania, 642 ni Burundi, 630 ni Kongo. Tukaipanga programu yake isitume chochote ikiona 5, ihifadhi tu mahali boti ilipo, na itume zote ikirudi kwenye 1.

SIM800L yangu (kijimodemu cha GSM) inajizima kila ikitaka kutuma.

Umeme. Karibu mara zote ni umeme. Inataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na inapotuma huvuta mpaka ampea 2 kwa kitambo kifupi sana. Chaja ndogo au waya mwembamba hushindwa, volti zinaanguka, modemu inazaliwa upya. Usiiunganishe kwenye volti 5 za Arduino, ile bodi ndogo ya kuandikia programu. Tumia betri ya lithiamu yenye afya, waya mfupi mnene, na kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na moduli.

Natumaje meseji?

AT+CMGF=1 kwanza, ili uandike maandishi ya kawaida. Kisha AT+CMGS= na namba ndani ya alama za kunukuu, ukianza na +255. Subiri ile alama ya > itokee, wengi hawasubiri. Andika ujumbe, malizia kwa Ctrl na Z, si Enter. Na kupiga simu ya sauti ni ATD na namba, lakini mwishoni weka nukta-mkato. Ukiisahau, modemu inadhani unapigia modemu mwenzake.

Simu yangu ya kisasa nayo ina amri hizi?

Nyingi zinazo, ndani kwenye sehemu inayoongea na mnara. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani walichambua programu za simu za Android kutoka kwa watengenezaji 11, wakakuta amri za AT 3,500, na kwenye baadhi ya simu ziliweza kupokelewa kupitia waya wa USB. Kwa hiyo ukiwa safarini usichomeke simu kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua eti unachaji. Nenda na kichwa chako cha chaja, uchomeke kwenye soketi ya ukutani.

Nina modemu ya zamani na hakuna laini ya mezani. Nitaijaribuje?

Ije na mwenzake. Waunge kwa waya mmoja wa simu, katikati ya uzi mmoja weka betri ya volti 9 na rezista ya omu 300 hivi, ili zipate umeme mdogo ambao kituo cha simu kingewapa. Kompyuta moja kila upande. Upande huu andika ATX1D, bila namba yoyote, X1 ikiizuia kusubiri mlio. Upande wa pili andika ATA, yaani pokea.

Niliifanya Jumapili iliyopita, binti yangu akiwa upande wa pili wa meza. Zilipiga kelele zao zote mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kisha kimya, na kwenye vioo vyote viwili ikaandikwa CONNECT. Akaandika "shikamoo baba".